Pumzi za Kabatini

Ukimsikia mtu anasema kazi ya studio ni raha, muulize mgongo wake unasemaje. Mama Kabati aliifanya kazi hiyo chumbani kwake kwa miaka kumi na minne, juu ya kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umeongezewa kipande cha daftari kilichokunjwa, na kama raha iliwahi kupita pale, basi ilipita yeye akiwa jikoni. Alichovuna ni mgongo uliokakamaa, sikio la kushoto linalolia ngiii mchana kutwa, na uchovu wa aina ambayo usingizi hauuwezi. Analala usiku mzima, anaamka amechoka vilevile, utadhani alikuwa akilala kwa niaba ya mtu mwingine.

Hilo la Mama Kabati si jina alilozaliwa nalo. Alilipata kwa sababu ya kabati la milango mitatu alilopewa siku ya harusi yake, la mbao nzito, ambalo wabebaji wanne walilitukana ngazi kwa ngazi hadi likafika chumbani. Kabati hilo ndilo lililokuwa chumba cha kuimbia. Alitoa rafu, akapigilia vipande vya godoro kuukuu ndani yake, akaacha makoti mawili na blanketi la mama mkwe yaning'inie ili yameze mwangwi, akafunga kipaza sauti kwenye bomba la kutundikia nguo, na spika za masikioni za mwimbaji kando yake. Mwimbaji anaingia, anakaa kwenye kigoda, mlango unafungwa, anaimba gizani. Nguo za mume wake zilihamia kwenye magunia mawili chini ya kitanda. Mwenyewe, dereva wa lori anayefika nyumbani mara mbili kwa mwezi, alilalamika mara moja tu.

"Mke wangu, huko nje wananiita Baba Kabati."

"Kwani ungependa wakuite Baba Gunia?"

Mjadala ukaishia hapo.

Kurekodi nyumbani ni vita na kelele. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Sawa, lakini kipaza sauti si mwenye nyumba. Kinasikia kila kitu na hakisamehe. Ukuta wa pili kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyewasha mashine yake saa nne asubuhi bila kukosa, kwa hiyo kazi yote ya sauti ilibanwa kati ya saa mbili, watoto wa mtaa wakishaingia shule, na hiyo saa nne. Kulikuwa na jogoo wa jirani, ambaye yumo katika nyimbo kumi na mbili na hakuna hata moja alimotajwa. Na kulikuwa na friji. Friji hiyo ilinguruma kama mzee anayetafuta miwani, ikabidi izimwe kila mara kabla ya kurekodi. Ili asisahau kuiwasha tena na mboga zikaharibika, Mama Kabati alivua ndala ya mguu wa kulia na kuiweka juu yake. Alijua mtu hawezi kufika mbali na ndala moja. Alikosea. Mtaa mzima umeshamwona akiwasindikiza wateja hadi barabarani, mguu mmoja una ndala na mwingine peku, akijiuliza ni nini anachokisahau.

Alirekodi watu wa kila namna. Mhubiri aliyetaka sauti yake iwekewe mwangwi hadi ionekane inatoka juu. Kijana aliyetaka kusikika kama roboti, na alipofanywa roboti akarudi kulalamika kwamba mama yake hamtambui. Kwaya ya watu tisa walioingia kabatini watatu watatu. Na wote, kazi ikikaribia kwisha, walisema jambo lilelile: "Mama Kabati, niongeze sauti kidogo." Kila mtu duniani anataka aongezwe kidogo. Yeye hakuna aliyewahi kumuuliza aongezwe nini.

Sifa yake kubwa ilikuwa kufagia. Ndivyo alivyoiita mwenyewe. Mwimbaji akishaondoka, Mama Kabati aliinamia kompyuta na kuipitia ile sauti kipande kwa kipande, akiondoa kila kisichokuwa wimbo: kikohozi, mate yanayomezwa, kigoda kinacholia, maneno ya pembeni, na zaidi ya vyote, pumzi. Watu hawajui wanavuta pumzi kwa kelele kiasi gani. Ukizisikia kwa karibu, pumzi za mtu zinakera kama pampu ya baiskeli. Mama Kabati alizifagia zote, moja baada ya nyingine, na nyimbo zikatoka safi kama sahani ya mgeni. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, diski yake inajaa kabla hujakohoa, kila alipomaliza wimbo aliitupa rekodi mbichi kwenye debe la taka la kompyuta, kisha akalimwaga debe. Miaka ya kwanza alisita kidogo kabla ya kumwaga. Siku hizi mkono ulimwaga wenyewe, yeye akiwaza mboga ya jioni.

Kinyozi hajinyoi. Wote hao aliwarekodi, ila dada yake hakuwahi.

Dada yake huyo aliitwa Chiriku, na aliyembatiza jina hilo hakuhitaji kufikiri sana. Alizungumza tangu anaamka hadi analala, na pale maneno yalipomwishia aliimba. Siku za kazi alipiga pasi kwa dobi, amesimama kutwa nzima, mvuke usoni. Jumamosi aliimba kwenye harusi za watu, nyimbo za watu, katika bendi za watu. Yeye ndiye aliyembeba Mama Kabati mgongoni wakati mama yao yuko kibaruani, na alipoanza kuimba harusini alimbeba pia, wakati huo mdogo mtu akiwa msichana wa miaka kumi, kazi yake kukunja nyaya. Hapo ndipo Mama Kabati alipojifunza sauti. Walikuwa na ishara yao: Chiriku akigonga maiki mara tatu kwa ukucha, ko ko ko, mdogo mtu anajua kuwa dada hajisikii vizuri, anapandisha sauti. Hakuna mtu mwingine ukumbini aliyeelewa.

Miaka yote Chiriku alikuwa na wimbo mmoja wa kwake, alioutunga akiwa amesimama kwenye pasi. Uliitwa "Foleni."

*Nimepanga foleni tangu alfajiri,*
*wa mbele hasogei, wa nyuma hasubiri,*
*nafika dirishani, karani yuko safari.*

Unachekesha, kisha katikati unaacha kuchekesha. Kila mwaka Mama Kabati alisema, "Dada, njoo tuurekodi," na kila mwaka Chiriku alijibu, "Nitakuja, nimalize mashati." Mashati hayaishi duniani. Na Mama Kabati naye, tusimwonee haya, hakusisitiza. Alikuwa amechoka. Mtu aliyechoka hupenda sana kuambiwa kesho.

Kisha shingo ya Chiriku ikaanza kuvimba. Alikaa na rovu hilo miaka miwili akilifunika kwa mtandio na kusema ni mafuta, mpaka likaanza kumkaba akilala. Daktari alimweleza bila kuzungusha maneno: lazima litolewe, na mshipa unaoendesha sauti umepita karibu mno na uvimbe. Wangefanya kila waliloweza. Lakini kuna wanaoamka na sauti yao, kuna wanaoamka wakinong'ona, na wanaonong'ona wengine hubaki hivyohivyo. Akapewa tarehe, siku kumi na tisa mbele.

Chiriku alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Alikaa kitandani, juu ya magunia ya shemeji yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakaa kimya dakika nzima.

"Mdogo wangu," akasema hatimaye, "hilo kabati lako lina nafasi?"

Walirekodi asubuhi tatu. Siku ya kwanza jogoo alivuruga kila kitu. Siku ya pili Chiriku alianza kulia kwenye ubeti wa pili, akatoka kabatini akisema ni vumbi la lile blanketi. Siku ya tatu mambo yakakaa sawa. Friji imezimwa, ndala iko juu yake, fundi wa vyuma bado hajafika. Mama Kabati amevaa spika za masikioni zilizofungwa utepe, mkono kwenye kipanya, na ndani ya masikio yake dada yake yuko karibu kuliko alivyowahi kuwa tangu enzi za kubebwa mgongoni.

Alikuwa akiimba mistari miwili, anasimama, anapumua, anaropoka, anaendelea. Hakujua kunyamaza hata gizani.

"Ngoja nipumue kwanza," akasema mahali fulani, akicheka. "Wewe huko nje una kiti. Mimi nimeimba miaka thelathini bila kiti. Unajua nilikuwa napumzika wapi? Hapa, kati ya mstari na mstari. Pumzi na pumziko ni ndugu, mdogo wangu, baba yao mmoja. Likizo nyingine sijawahi kupewa." Akavuta pumzi ndefu, akamaliza ubeti. Kisha: "Hayo ya likizo umeyarekodi? Yafute, watu watanicheka."

"Imba, dada. Saa nne inakaribia."

"Naimba. Umezaliwa na haraka wewe. Nilikubeba, najua."

Alipotoka alikuwa amelowa jasho. Mama Kabati akataka amsikilizishe. Chiriku akakataa kabisa.

"Nitasikia nikitoka hospitali. Nikisikia sasa nitalia, na daktari atakuta koo limevimba mara mbili. Wewe utengeneze tu. Utengeneze vizuri kama unavyowatengenezea hao wengine."

Kama unavyowatengenezea hao wengine. Neno hilo Mama Kabati alilichukua kama amri.

Siku iliyotangulia upasuaji aliketi kuufanyia kazi wimbo huo. Alitaka uwe wimbo bora kuliko zote alizowahi kuzitoa mikononi mwake, na alikuwa hajalala sawasawa wiki nzima kwa hofu. Alifagia kwa upendo. Hilo ndilo linaloumiza. Alikata kikohozi, akakata kigoda, akakata vicheko na maropoko, akakata pumzi zote kumi na moja, akaunganisha mistari hadi ikateleza. Kompyuta ikaanza kulalamika kwamba imejaa, na kwaya ya watu tisa ilikuwa inakuja kesho kutwa. Mama Kabati akaufunga wimbo. Akatupa rekodi mbichi. Akamwaga debe. Kisha akaenda kumfungia dada yake kanga na sabuni za kwenda nazo hospitali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka wote, kidonda kikakauka, Chiriku akaanza kula uji. Ila alipofungua mdomo kumshukuru muuguzi, kilichotoka ni upepo. Daktari akasema tusubiri miezi sita, mishipa mingine huzinduka. Chiriku akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na uzoefu wa foleni.

Mama Kabati alirudi nyumbani siku hiyo hataki kuona mtu. Alitaka kitu kimoja tu: kumsikia dada yake akisema chochote. Si kuimba. Kusema. Yale ya kiti, yale ya likizo, hata ule utani wa kuzaliwa na haraka. Akafungua kompyuta, akatafuta rekodi mbichi, na hapo ndipo alipokumbuka mkono wake ulikuwa umefanya nini.

Alilifungua debe la taka, likawa jeupe. Alitafuta kila mahali ambapo faili huweza kujificha. Aliwapigia mafundi wawili wa kompyuta. Mmoja alisema labda, na baada ya siku mbili akasema hapana, kwa sababu sauti za ile kwaya zilikuwa zimeshaandikwa juu yake. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja ana meno. Mama Kabati alikaa kitandani akalia kwa sauti, mchana kweupe, na fundi wa ukuta wa pili akazima mashine yake kusikiliza kuna nini.

Kwa wiki tano hakumwambia mtu. Alikwenda kwa dada yake kila siku ya pili, akimpikia, akimfulia, akizungumza yeye peke yake mpaka akajichosha. Chiriku alikuwa amenunua daftari la shule na kalamu. Kwa kalamu alikuwa Chiriku yuleyule: aliandika kwa herufi kubwa, akapigia mistari, akamrushia shemeji yake matusi madogo pembeni mwa ukurasa. Kila mara aliuliza, "WIMBO?" Na kila mara Mama Kabati alisema, "Bado kidogo, dada. Naupiga msasa." Uongo huo ulimchosha kuliko kazi yenyewe.

Asubuhi moja Chiriku akachoka kusubiri, akapanda ngazi mwenyewe, mtandio shingoni, daftari kwapani. Hakukaribishwa. Aliketi kwenye kile kiti chenye mguu wa daftari, akachukua spika za masikioni, akazivaa, akamtazama mdogo wake. Mama Kabati akaubofya wimbo.

Dakika tatu na nusu. Uso wa Chiriku haukusogea. Mama Kabati alisimama karibu na kabati akiuma kidole, akisoma mashavu ya dada yake kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Wimbo ukaisha. Chiriku akavua spika taratibu, akafungua daftari.

"NZURI," akaandika. Kisha chini yake: "NANI ANAIMBA?"

Mama Kabati akacheka, kicheko cha woga. "Si wewe, dada!"

Chiriku akatikisa kichwa. Safari hii aliandika kwa muda mrefu, kalamu ikikwaruza.

"MIMI NACHOKA NIKIIMBA. HUYU HACHOKI. FOLENI GANI HII YA MTU ASIYECHOKA?"

Mficha uchi hazai, na Mama Kabati hakuwa na nguvu tena za kuficha. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kabati, akasema yote. Kwamba alizifagia pumzi. Kwamba maneno yale ya kiti na likizo aliyafagia pia. Kwamba rekodi mbichi aliitupa na debe akalimwaga, kwa mkono wake, kwa mazoea tu, na kwamba mafundi wameshindwa.

"Nilitaka uwe safi," akasema. "Nilitaka uwe mzuri kuliko wa wote."

Dada mtu angemtukana, Mama Kabati angepata nafuu. Enzi zake Chiriku alikuwa na matusi yaliyopangwa kwa ukubwa kama sufuria. Sasa alisimama, akampa kisogo, akatazama dirishani. Mabega yakapanda na kushuka. Aligeuka ghafla na kuinua daftari mbele ya macho ya mdogo wake, ukurasa mzima una maneno mawili, kalamu imetoboa karatasi:

"ULINIPUMZIKIA WAPI?"

Maana yake Mama Kabati aliielewa, ingawa sarufi ilikuwa imekunjika. Mahali pekee ambapo dada yake aliwahi kupumzika, yeye alikuwa amepafuta. Akajifunika uso kwa kanga.

"Nisamehe, dada. Nisamehe. Nilichoka, sikuwa naangalia ninachofanya."

Nje jogoo aliwika, hakuna aliyemjali. Chiriku alimtazama mdogo wake pale chini: nywele hazijasukwa, macho mekundu, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, maana asubuhi hiyo alikuwa amemrekodi mhubiri na friji alikuwa ameisahau. Alimtazama muda mrefu. Hasira haikumtoka yote, na tusidanganyane kwamba ilimtoka. Ila alikuwa amemlea huyu mtu, na aliyelea hutambua mtoto aliyelala na viatu. Akainama, akamsukuma kwa kiganja ili atoke mlangoni. Akafungua mlango wa kati wa kabati. Akaingia, akakaa kwenye kigoda, akaufunga mlango mwenyewe.

Mama Kabati alibaki pale chini, hajui afanye nini. Akadhani dada amekwenda kulia faragha. Kisha, kwenye spika zilizoachwa juu ya kiti, akasikia kwa mbali: ko, ko, ko.

Ukucha kwenye maiki. Mara tatu.

Aliinuka haraka, goti likalia. Akavaa spika. Akapandisha sauti ya kabatini. Hakukuwa na neno wala wimbo, alisikia tu mtu aliye hai, anasubiri gizani. Na hapo Mama Kabati akaelewa anaombwa nini. Dada yake hakuwa na sauti, lakini kile kilichofagiwa alikuwa nacho bado. Hicho hakuna kisu kilichokigusa.

"Dada," akasema kwenye kipaza sauti cha mezani, "nitakuwekea wimbo masikioni. Pale ulipokuwa unapumua, upumue. Umenisikia?"

Ko.

Alibonyeza kitufe cha kurekodi. Wimbo ukaanza. *Nimepanga foleni tangu alfajiri.* Na mwisho wa mstari, mahali palepale, ikaja pumzi. Haikuwa ile ya zamani, tuseme kweli. Ilikuwa nzito zaidi, na ndani yake kulikuwa na mluzi mwembamba, kama wa birika lililo mbali. *Wa mbele hasogei, wa nyuma hasubiri.* Pumzi nyingine. Midomo ilikuwa inaimba pia, bila shaka, kwa sababu kila pumzi ilifika kwa wakati, ikiwa na uchovu wake unaostahili: ndogo mwanzoni, kubwa ubeti wa pili, na ile ya kabla ya ubeti wa mwisho ikivutwa kwa shida, kama ya mtu anayepanda ngazi na kapu la nguo mbichi. Mama Kabati alihesabu bila kutaka. Kumi na moja.

Kisha wimbo ukaisha, karani yuko safari, na ikaja ya kumi na mbili, ambayo hata mara ya kwanza haikuwepo. Ndefu, ya kushusha. Pumzi ya mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

Saa nne ikagonga, fundi wa vyuma akawasha mashine. Mlango wa kabati ukafunguka.

Kuzipanga zile pumzi kulichukua asubuhi nne, friji imezimwa ili wazisikie vizuri, Chiriku akiwa amekaa kitandani juu ya magunia, akinyoosha kidole kila moja ilipowekwa nje ya mahali pake. Mluzi haukufagiwa. Kigoda kililia mara moja katika ubeti wa tatu, nacho hakikufagiwa. Walipofika mahali pa kujaza fomu ya kampuni inayosambaza nyimbo mtandaoni, palipoandikwa jina la msanii, Mama Kabati aliuliza, "Niandike nini, jina la kwenye kitambulisho?" Chiriku akamnyang'anya kibodi, akapiga herufi kwa kidole kimoja: CHIRIKU. Kisha akaandika daftarini kwamba anakwenda kazini, mashati yanamsubiri, na kwamba bado ana hasira kidogo, ila Jumamosi atakuja kula.

Akashuka ngazi polepole. Mama Kabati alimsikiliza akipumua hadi chini.

Alipakia wimbo. Mstari wa bluu ukatambaa kwenye skrini, ukasimama, ukatambaa tena. Alikuwa amechoka, macho yanajifunga yenyewe, na alikuwa karibu kusinzia pale kitini ujumbe ulipotokea. Mtambo wa kampuni ulikuwa umeukagua wimbo. Uliandika kwa adabu kama karani aliyepo kazini:

*Tumegundua kelele katika sehemu kumi na mbili. Je, ungependa tuziondoe?*

Chini yake vitufe viwili, *Ndiyo* kushoto, *Hapana* kulia. Mkono wa Mama Kabati, ule mkono wenye mazoea, ukasogea wenyewe kuelekea cha kushoto. Aliuangalia ukienda. Akaushika kwa mkono wa pili, akaurudisha, akabonyeza *Hapana*.

Kisha akaenda kuwasha friji.